Namna ya kuwafundisha madogo wa sekondari historia ya juzi juzi hapa mpaka iwaingie

Mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Dar saivi kazaliwa 2009 au 2010 hivi, kwake yeye Mkapa ni uwanja wa mpira, Mwinyi ni barabara yenye foleni, Magufuli ni stendi ya mabasi kule Mbezi Luis na Mandela ni barabara ya malori yanayoenda bandarini. Sio kosa lake. Mwaka mzima anakaririshwa Mkutano wa Berlin na ukoloni, afu ikifika ile miaka ambayo bibi yake na mama yake walikuwepo, muda umeisha, mtihani umekaribia, mwalimu anaandikisha notsi haraka haraka ili silabasi iishe. Mimi naona hiki ndo kipande cha kufundishwa kwa utulivu kuliko vyote, mana mashahidi bado wapo hai, wengine wanalala nao nyumba moja, na kila mwaka wanapungua.

Ninayoandika hapa yanafanyika kwenye shule ya kawaida ya kata, darasa limejaa, projekta hakuna, una chaki, manila, madaftari yao na simu yako.

Kipindi cha kwanza usifungue kitabu kabisa. Waambie wataje barabara, vituo, shule na viwanja vyenye majina ya watu wanavyovipita kila siku, wewe andika tu ubaoni, dakika kumi hazifiki ubao umejaa: Samora, Sokoine, Kawawa, Lumumba, Sam Nujoma, Mandela, Bibi Titi Mohamed. Afu uliza swali moja, huyu alifanya nini mpaka mji ukampa barabara? Wengi watanyamaza. Kila kundi libebe jina moja, wakaulize, warudi nalo wiki ijayo.

Hapo unapata mambo mawili makubwa bila kutumia nguvu. La kwanza ni kwanini mji wetu umejaa majina ya watu wa Msumbiji, Namibia, Kongo na Afrika Kusini, na hapo ndo unawaambia kwamba FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilizaliwa hapa hapa Dar 1962, kwamba Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) ilikaa hapa kuanzia 1963, na kwamba kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu hapa hapa mjini tarehe 3 Februari 1969. La pili ni Bibi Titi mwenyewe. Mama aliyezunguka nchi akihamasisha watu wajiunge TANU, chama kilichodai uhuru, akawaongoza wanawake wa chama, afu baada ya uhuru akashtakiwa kwa uhaini, akafungwa, akatoka 1972, na leo barabara kubwa ya katikati ya mji ina jina lake. Usikimbilie kuwaambia alionewa au hakuonewa. Waandike maswali ambayo wangemuuliza yeye na maswali ambayo wangemuuliza jaji wake, ukiyasoma utajua nani kaanza kufikiri kihistoria na nani bado anasubiri notsi.

Baada ya hapo chagua kitu kimoja kilichobadilika na ukifuate kuanzia mwanzo mpaka leo. Ukisimama mbele ya darasa ukasema leo tunasoma mageuzi ya uchumi, umewapoteza. Usafiri wa Dar ni mfano mzuri: UDA, shirika la umma la mabasi, miaka ya 70, mabasi hayatoshi, watu wakaanza kupakia kwa wizi, 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi na daladala zikahalalishwa, 2016 mwendokasi ikaanza. Ndani ya hadithi hiyo moja unapata shirika la umma, uhaba, soko huria na serikali kurudi tena barabarani.

Ila mimi ninachokipenda zaidi ni bendi. Chukua Msondo Ngoma, wengi wanaijua kwa babu zao. Ilianza 1964 kama NUTA Jazz, na NUTA ndo chama cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka huo huo, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, pale serikali ilipovunja vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa huru na kuweka kimoja. Wanamuziki wakawa waajiriwa, wanalipwa mshahara, vyombo ni vya chama. TANU na ASP ya Zanzibar zilipoungana 1977 ikazaliwa CCM, chama cha wafanyakazi kikageuka kuwa JUWATA, na bendi nayo ikawa Juwata Jazz. Mwaka 1991 chama kimoja kinaelekea kuachia, JUWATA ikawa OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Mwisho wakabaki wenyewe, Msondo Ngoma. Andika majina hayo manne kwa kushuka upande wa kushoto wa ubao, kulia acha wazi, waambie wajaze nchi ilikuwa inapitia nini kila jina lilipobadilika. Piga wimbo mmoja wa kila kipindi kwenye simu, hata spika ikiwa ndogo watasogea. Afu uliza, mwanamuziki anayelipwa mshahara na chama anaweza kuimba nini na hawezi kuimba nini? Nakwambia hapo watabishana mpaka kengele. Kipindi kinachofuata peleka swali hilo hilo kwenye bongo flava, ambako msanii anajilipa mwenyewe, na wawaeleze wenzao ilikuwaje Sugu akawa mbunge wa Mbeya Mjini 2010 na Profesa Jay akawa mbunge wa Mikumi 2015.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, mahojiano ya nyumbani, na hapa nakaa kidogo mana hapa ndo walimu wengi wanaharibu. Usimtume mtoto akamuulize bibi yake kama Ujamaa ulikuwa mzuri. Atarudi na neno moja, ndio au hapana, na bibi ataona anapimwa. Mtume na maswali ya vitu na mikono: sabuni mlikuwa mnaipata wapi, foleni ya duka la kaya ilianza saa ngapi, nani alitumwa akapange, sukari ikikosekana chai mlikunywaje, nguo ya sikukuu ilitoka wapi. Hapo mtu anafunguka. Watarudi na habari za unga wa njano, za kufulia kwa majani ya mpapai, za mitumba iliyokuwa inavaliwa kwa kujificha, na Mwalimu Nyerere kuwaambia watu wafunge mkanda miezi 18 baada ya vita ya Kagera.

Tatizo linalofuata ni miaka. Watu hawakumbuki mwaka, wanakumbuka nilikuwa na mimba ya kaka yako, au nilikuwa darasa la tano. Wafundishe kuuliza kwa vigingi. Wape orodha fupi wakae nayo kwenye daftari: vita ya Kagera ilianza Oktoba 1978, Waziri Mkuu Sokoine alifariki 12 Aprili 1984, Mwinyi aliingia Ikulu Novemba 1985, MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, bomu la ubalozi wa Marekani hapa Dar lilikuwa 7 Agosti 1998, Mwalimu alifariki 14 Oktoba 1999. Mtoto akisimuliwa jambo anauliza tu, Bibi, hapo Sokoine alikuwa bado yupo? Mwinyi alikuwa ameshaingia? Kwa maswali mawili matatu simulizi linapata mwaka wake, au angalau linabanwa katikati ya miaka miwili. Chora mstari mrefu kwenye manila zilizoungwa, ubandike ukutani, kila simulizi linaandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa sehemu yake. Mwezi ukiisha utaona miaka ya 1979 mpaka 1984 imejazana vikaratasi vya shida, na hapo ndo unauliza kwanini.

Kwenye kwanini usitoe sababu moja. Andika kila sababu kwenye karatasi yake: mafuta kupanda bei duniani 1973 na 1979, ukame wa 1973 na 1974, operesheni vijiji kuhamisha watu kutoka mashambani kwao, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, gharama ya vita, mashirika ya umma kuendeshwa vibaya. Kila kundi lizipange kuanzia nzito mpaka nyepesi na lijitetee. Hakuna mpangilio mmoja sahihi, ila kuna utetezi dhaifu na utetezi wenye nguvu, na hiyo tofauti ndo unayoifundisha.

Masimulizi yatagongana, na yakigongana furahi. Chukua 1983, vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mmoja atakuja na babu anayesema Sokoine aliwaokoa wanyonge kwa wafanyabiashara waliokuwa wanaficha bidhaa. Mwingine familia yao walikamatiwa mali na mzee wao akawekwa ndani. Wa tatu atasema watu walitupa mabunda ya nguo usiku wasikutwe nayo. Yote yaandikwe, afu kila moja liulizwe: aliyesimulia aliona kwa macho au aliambiwa? Alikuwa na umri gani? Alikuwa muuzaji au mnunuzi? Kuna gazeti la wiki hiyo linasemaje? Na gazeti lenyewe ni la nani, mana Uhuru lilikuwa la chama na Daily News la serikali, magazeti ya watu binafsi yalikuja kuongezeka miaka ya 90. Magazeti ya zamani yapo Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, ukiweza nenda mwenyewe kabla, pigia picha kurasa chache kwa ruhusa yao, uzichape kwa karatasi kila dawati lipate moja.

Kuna vidonda pia, na hapa naomba tuwe makini kweli kweli. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na hapa Dar familia nyingi zilizopoteza zilikuwa za Kihindi, maeneo ya katikati ya mji na Upanga. Inawezekana mjukuu wa mwenye nyumba na mjukuu wa mpangaji aliyepata pa kukaa wamekaa dawati moja darasani kwako. Usimnyanyue mtoto aisemee jamii yake. Usimlazimishe mtu asome simulizi la nyumbani kwao mbele ya wenzake, akitaka kukukabidhi kimya kimya pokea. Na bibi akikataa kuongea, basi, kukataa kwake kuheshimiwe.

Siasa ya vyama nayo wengi wanaiogopa, wanairuka. Usiiruke. Ingia nayo kupitia Tume ya Nyalali, ile tume ya kuuliza wananchi wanataka chama kimoja au vyama vingi. Kabla hujasema lolote piga kura darasani kwa vikaratasi kuhusu jambo lao, mfano sare za michezo, hesabu ubaoni, afu waambie ushindi wanapewa wachache. Watakuja juu. Hapo ndo unawaleta 1991: tume ilizunguka nchi nzima ikiuliza watu, karibu asilimia 80 wakasema chama kimoja kiendelee, kama 20 wakataka vyama vingi, na bado tume ikapendekeza vyama vingi, na 1992 ikawa sheria. Kwanini? Wataje wenyewe kwanza. Watafika kwenye haki ya wachache, wengine watasema shinikizo la nje, na wewe unaongezea kwamba wengi wa wale waliotaka chama kimoja nao walitaka kirekebishwe, kwamba Ulaya Mashariki ilikuwa imeanguka 1989, na kwamba Nyerere mwenyewe 1990 alifungua mlango wa mjadala. Malizia na uchaguzi wa 1995, ambao hapa Dar ulivurugika mpaka ukarudiwa Novemba, wazazi wao wengi wanaukumbuka.

Kanuni za darasa siku hiyo ziandike juu ubaoni: tunaongelea uamuzi na matokeo yake, hatutukani mtu, anayedai anataja alikolitoa, na mwalimu hasemi anapigia nani kura. Hiyo ya mwisho ishike sana. Wakikubembeleza useme, kataa kwa upole, mana ukishasema tu nusu ya darasa litaanza kukuandikia majibu unayotaka kuyasikia. Na mkuu wa shule apewe taarifa mapema, umuonyeshe andalio la somo, akijua unachofanya atakusimamia mzazi akija na maswali.

Lugha isiwe kikwazo. Mahojiano yafanyike kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, mjadala ufanyike kwa Kiswahili, wakishaelewa ndo muandike pamoja aya za Kiingereza kwa ajili ya mtihani wa History. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lenyewe linafundishwa kwa Kiswahili, huko huna shida hiyo. Na wanaohofia matokeo, jaribu tu kumsomesha mtoto ambaye kamsikia bibi yake akisimulia foleni ya sukari, mwambie ataje sababu za mageuzi ya uchumi ya 1986, aya yake itakuwa na nyama.

Mwisho wa muhula kusanya daftari moja la darasa. Kila simulizi liwe na tarehe ya mahojiano, mtaa, umri wa msimulizi, kama aliona au alisikia, na jina la mwanafunzi aliyehoji. Jina la msimulizi liandikwe akikubali tu, asipokubali andika mama wa miaka 63, Temeke, inatosha. Lipe namba, lifungiwe kwenye kabati la idara, na darasa la mwakani kazi yao ya kwanza iwe kulisoma na kutafuta palipokosewa miaka.