Kabla Hujakubali Hiyo Sindano: Mambo ya Kuzingatia Mwanariadha Akiandikiwa Dawa

Wiki tatu kabla ya mbio, goti limefura, unaingia kliniki pale senta, daktari anakubonyeza mara mbili anasema geuka, unadungwa sindano moja kwa makalio, unapewa na bahasha ya kaki imeandikwa 1x3 halafu unaambiwa uko sawa, enda nyumbani. Jina la dawa hakuna. Kwa bahasha hakuna, kwa risiti wameandika tu "matibabu". Hiyo bahasha nimeiona kwa kambi nyingi sana na kila nikiiona roho inaruka, maana siku mtu akiitwa akojoe kwenye chupa, jina la ile dawa atalisoma mara ya kwanza kwenye barua ya kusimamishwa.

Kwa hivyo la kwanza, uliweke kwa akili hata kabla hujaugua: kilichopatikana mwilini mwako ni chako. Sheria ya WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, haianzi kwa kuuliza nani alikupa. Ikipatikana kwa mkojo kosa limeshaingia, mambo ya ulikusudia ama hukukusudia yanakuja baadaye wakati wanapima adhabu. Na wameandika wazi kabisa kwamba kusema daktari wangu alinipa bila kuniambia hakukutoi kwa kesi, kwa sababu daktari ulimchagua wewe, na kumwambia kwamba wewe hupaswi kupewa dawa zilizokatazwa ni kazi yako. Mimi naona ni sheria kali, hasa kwa kijana aliyelelewa kumheshimu daktari na kutouliza maswali, lakini ndiyo iliyoko. Andreea Raducan wa Romania alikuwa na miaka 16 kule Sydney mwaka 2000, akapewa tembe za homa na daktari wa timu yenyewe, ndani kulikuwa na pseudoephedrine, ambayo ilikuwa imekatazwa, na dhahabu yake ya jimnastiki ikachukuliwa. Hakuna aliyesema huyo msichana ni mwizi. Ikachukuliwa tu.

Sasa ukifika kwa daktari, ongea kabla hajashika kalamu. Mwambie hivi hivi: daktari, mimi ni mwanariadha, huwa napimwa, usinipe kitu kilicho kwa orodha ya WADA. Usidhani anajua, yeye anatafuta upone na hiyo ndiyo kazi yake, na daktari mzuri sana anaweza kukupa dawa nzuri sana ambayo itakufungia miaka miwili. Halafu uliza jina, si jina la kampuni, jina la dawa yenyewe lile lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye boksi, na upige picha ya boksi na ile chupa ya sindano kabla haijavutwa. Sitanii. Akikataa kukuonyesha, shuka kitandani uende kwingine.

Dawa iliyotuumiza sana hapa Kenya upande huu ni triamcinolone, naiandika vile utaikuta kwenye boksi. Ni ya jamii ya kotizoni, inatibu kweli, viungo, mzio, maumivu ya mgongo, na mwaka 2021 na 2022 Wakenya kadhaa walipatikana nayo mwilini. Hapo watu wanachanganyikiwa kwa sababu hii jamii imekatazwa wakati wa mashindano tu, na wakati wa mashindano unaanza saa tano na dakika 59 usiku wa kuamkia mbio. Mtu anasikia hivyo anafikiri akidungwa mwezi mmoja kabla yuko salama. Hapana. Ikidungwa kwa msuli, WADA wenyewe wanahesabu siku 60 ndiyo iishe mwilini, ikidungwa ndani ya goti ni siku 10, tembe za prednisolone ni siku 3. Sasa rudi kwa yule wetu wa wiki tatu na sindano ya makalio ufanye hesabu mwenyewe. Na kuna madaktari bado wanasema sindano ya goti haina shida, hiyo ilikuwa zamani, tangu tarehe 1 Januari 2022 sindano yoyote ya jamii hiyo, iwe ya msuli iwe ya kiungo, imekatazwa kwa mashindano. Kwa hivyo usiulize tu ni dawa gani, uliza pia inaingilia wapi, na uandike tarehe.

Dripu nayo. Malaria imekupiga umelazwa hospitali wanakuwekea maji, hiyo matibabu ya hospitali inakubalika, ila dawa iliyo ndani ya maji lazima nayo iwe safi. Lakini zile dripu za kuongeza nguvu za kwenye kliniki ndogo ama mtu kuletewa kambini, zikipita mililita 100 ndani ya masaa 12 ni kosa, hata kama ni maji na chumvi peke yake. Mseto wa malaria, panadol, brufen, antibayotiki za kawaida, hizo hazina neno. Dawa za presha za kukojoza kama furosemide, hapana, wakati wote. Inhela ya pumu ya salbutamol unaruhusiwa ila ina kipimo chake, mikrogramu 1600 kwa masaa 24 na zisizidi 600 ndani ya masaa 8, kwa hivyo usipulize ovyo ukaamka na barua. Tramadol tangu Januari 2024 imekatazwa kwa mashindano.

Ukisafiri usinunue dawa ya mafua kwa kuangalia rangi ya pakiti. Alain Baxter, mwanaski wa Uingereza, alinunua Vicks ya kuvuta puani kule Marekani mwaka 2002, akidhani ni ileile ya nyumbani, kumbe ya Marekani ina kitu kingine kilichokatazwa, medali yake ya shaba ya Olimpiki ikaenda. Na ile tovuti ya Global DRO ya kuangalia dawa haina majina ya dawa zinazouzwa huku kwetu, ndiyo maana nakazana na jina la dawa yenyewe, hilo ukiliweka inakujibu. Ukikwama piga simu ADAK, shirika letu la Kenya la kupambana na dawa hizi, kabla hujameza.

Orodha inabadilika kila Januari. Maria Sharapova, mcheza tenisi wa Urusi, alitumia meldonium, dawa ya moyo, ya daktari miaka kumi, 2006 hadi 2016, ikaingizwa kwenye orodha tarehe 1 Januari 2016 na mwezi huohuo akapimwa Australia. Miezi 15 nje.

Kama ugonjwa wako kweli hauna dawa nyingine, kuna kibali cha matibabu, wanakiita TUE, omba angalau siku 30 kabla ya mbio, ukiwa na ripoti ya daktari na vipimo. Ukiokolewa kwa dharura, kama ajali, kinaweza kuombwa baadaye, lakini utaombea nini kama huna karatasi hata moja? Ndiyo nasema zile karatasi zote, risiti, kadi, picha, ziweke pamoja, tuma nakala kwa meneja. Na siku ya kupimwa, kwenye fomu andika kila kitu ulichotumia siku saba zilizopita, hata dawa ya kikohozi, haitakufutia kosa lakini itaonyesha hukuficha.

Halafu hili naomba kwa magoti, ukishapatikana usitafute mtu wa kukutengenezea barua ya hospitali. Hospitali inapigiwa simu na rejista zinafunguliwa. Jemima Sumgong, bingwa wetu wa marathoni ya Rio 2016, alifungiwa miaka minne, halafu ikaongezwa minne mingine kwa sababu ya maelezo na karatasi za matibabu ambazo hazikuwa za kweli. Minane.

Mdogo wangu anakimbia pia, na siku hizi anatembea na kijitabu kidogo, tarehe, jina la dawa, ilipoingilia, aliyempa. Juzi alikatwa na mabati akaenda kudungwa ya pepopunda, akanitumia picha ya chupa akiwa bado amekaa kitandani, mkono umeshafungwa, nesi anamngoja. Nikaangalia jina mara mbili, nikamwandikia, hiyo iko sawa, kubali.