Somo: Kuikagua shotigani ya zamani ya Parker kabla hujatoa pesa

Kwanza kabisa, fungua bunduki, chungulia vyumba vyote viwili vya risasi, kisha ingiza kidole. Hata kama muuzaji amekwambia ni tupu. Hasa kama amekwambia ni tupu.

Nazungumzia shotigani za mitutu miwili za Parker Brothers wa Meriden, Connecticut. Remington, watengenezaji wengine wa bunduki, waliinunua kampuni mwaka 1934, na utengenezaji ukaishia wakati wa vita, 1942. Zilitoka kama 242,000, kwa hiyo jina peke yake si uadimu. Adimu ni daraja la juu, geji ndogo (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikikua, mtutu unakuwa mwembamba), na kubwa zaidi, bunduki ambayo fundi hajaitia mkono.

Hatua ya 1: Namba. Toa mbao ya mbele, kisha mitutu. Namba ya bunduki imegongwa kwenye sehemu bapa ya fremu ambapo mitutu hulalia, kwenye mitutu yenyewe, na kwenye chuma cha mbao ya mbele. Zote zilingane. Hapo kwenye fremu utakuta pia alama ya daraja: V, yaani VH, ndiyo ya kawaida, 2 ni GH, 3 ni DH, 4 ni CH, hadi 8, yaani A-1 Special. Ukisikia VHE au DHE, ile E ya mwisho maana yake inatupa maganda yenyewe. VH ya geji 12 zimejaa. Geji 28 na ile nyembamba zaidi, .410, ndizo watu huuza gari wazipate.

Usiamini nakshi kuliko alama. Wapo waliochukua VH wakaichonga ndege na mbwa ili ipite kama DH. Vitabu vingi vya kiwanda vimesalia, na Parker Gun Collectors Association, chama cha wakusanyaji wa Parker, huandika barua ya kumbukumbu, inayosema bunduki ilitoka kiwandani ikiwaje, kwa namba unayowapa. Lipia barua kabla ya kulipia bunduki.

Hatua ya 2: Mitutu. Hapa ndipo mimi nilipolizwa. Nilinunua GH yenye mitutu ya inchi 26, nyepesi, inakaa vizuri begani. Nyumbani, chini ya taa, nikatazama mdomo: mitutu haigusani. Kulikuwa na kipengo katikati kimezibwa kwa lehemu na kupakwa rangi nyeusi. Ilikuwa imekatwa. Choki, ule mbano unaozuia risasi zisitawanyike mapema, hukaa mwishoni mwa mtutu, kwa hiyo ilikwenda na kile kipande. Barua ilipokuja ikasema inchi 30. Siku hizi natembea na futi ya fundi cherehani mfukoni, wanicheke tu.

Ning'iniza mitutu kwa kidole kwenye ndoana yake, igonge kidogo kwa kijiti. Ikilia kama kengele, ni salama. Ikitoa mlio wa sufuria iliyopasuka, ukanda unaoiunganisha umelegea. Kisha itazame ndani kuelekea dirishani: duara za mwanga zikivunjika mahali, hapo pamebonyea au pamevimba. Unene upimwe na fundi; chini ya inchi 0.020 mimi naondoka.

Hatua ya 3: Rangi. Fremu ilichomwa ndani ya mkaa wa mifupa, ikatoka na mabaka ya buluu na hudhurungi. Miaka huyafuta panaposhikwa, yakabaki kwenye vificho: nyuma ya kikinga triga, pembeni mwa skrubu. Ukiona mabaka yanang'aa sawasawa kila mahali huku nakshi imelainika kama sabuni iliyotumika, imepigwa msasa na kuchomwa upya. Mimi hapo nakata bei karibu nusu. Skrubu zilizochunika vichwa nazo zinasema.

Hatua ya 4: Kitako kisikatwe wala kuongezewa mpira; bamba la nyuma ya kitako lenye kichwa cha mbwa likiwepo, vizuri. Wenzo wa juu, ule wa kufungulia bunduki, ukifungwa ubaki kulia kidogo ya katikati. Ukipita kushoto, imechoka.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, ya kwangu ina kutu kidogo. Niipige brasso?*
Hapana, kaka! Mafuta mepesi na kitambaa, basi. Hiyo kutu kidogo mnunuzi anaisamehe; mng'aro wa brasso haumsahaulishi kitu.

*Mitutu ya damaski, yenye michoro kama mawimbi, inaweza kupigwa?*
Yangu inakaa kabatini. Kama huna budi, fundi aipime kwanza, na usithubutu risasi za kisasa zenye nguvu. Angalia pia urefu wa chumba: Parker nyingi za geji 12 zina inchi 2⅝, pungufu ya 2¾ ya leo.

*Shikamoo. Marehemu babu ameacha shotigani Moshi, imeandikwa Birmingham. Nitumie picha uikadirie?*
Marahaba, na pole kwa msiba. Kabla ya picha, familia iende polisi na leseni ya marehemu. Bila leseni kwa jina lako hupaswi kuishika, sembuse kuiuza. Ikishatulia kisheria, piga picha ya chini ya mitutu: alama za ukaguzi za Birmingham zitatueleza zaidi kuliko jina lililo juu.