Kufundisha ekografi kwa mchezo: bakuli la jelatini, sonda moja na timu za watu watatu

Wanafunzi wakiwa thelathini na mashine moja ya ekografi (inayoonyesha ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti), somo la kawaida huishia kwa wawili kushika sonda, yaani kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi, na wengine kutazama migongo yao. Hapa Bukavu mchezo unaweza kurekebisha hilo kwa gharama ndogo, mradi alama zitolewe kwa kazi ya mkono. Ukimpa alama aliyekisia vizuri, utafundisha kukisia.

Bakuli la jelatini, litakalochukua nafasi ya mwili, huandaliwa jioni ya kuamkia somo. Kwa lita mbili za maji, chukua gramu 200 za jelatini isiyo na ladha, uiloweke katika sehemu ya maji hayo yakiwa baridi kwa dakika kumi, kisha changanya na yaliyobaki na upashe moto polepole. Isichemke, maana nguvu ya kuganda hupungua. Koroga vijiko viwili vya maizena (wanga wa mahindi) katika maji baridi kidogo, umimine humo. Bila maizena jelatini huonekana nyeusi tii kwenye skrini, na mfuko wa maji hautofautiki nayo. Kahawa nyeusi kidogo itawazuia wajanja kuchungulia kwa macho. Engua povu lote: kila kiputo cha hewa kitaonekana kama doa jeupe na kuwapoteza.

Mimina nusu. Ikianza kushika kidole, panga vitu vitatu juu yake: kokoto, kipande cha karoti iliyochemshwa, na kidole cha glavu kilichojaa maji, kilichofungwa ndani ya beseni la maji ili hewa isiingie. Mimina nusu ya pili ikiwa vuguvugu. Ikiwa ya moto itayeyusha ya chini. Ukichelewa mno tabaka zitaachana na utaona mstari mweupe katikati. Weka kwenye friji hadi asubuhi. Umeme ukikatika, beseni la maji baridi na ubaridi wa usiku wa hapa vitaigandisha, ila taratibu.

Sasa mchezo wenyewe. Mmoja anashika sonda akiwa ameipa skrini mgongo. Wa pili anaona skrini lakini haruhusiwi kugusa wala kuonyesha kwa kidole. Anatumia amri nne tu: sogeza, inamisha, yumbisha, zungusha, pamoja na upande. Wa tatu anarekebisha kina na mwanga wa picha, kisha anapima. Dakika nne kwa bakuli, halafu wanabadilishana nafasi. Kitu kilichopatikana katikati ya picha ni alama mbili. Kina chake kikipimwa kwa tofauti isiyozidi milimita tano, moja. Kukitambua na kutaja sababu, moja: maji ni meusi na nyuma yake kunang'aa, kokoto ni jeupe na lina kivuli. Jibu bila sababu, toa moja. Wengi hukwama kwa sababu wanasogeza na kuinamisha kwa wakati mmoja. Waamuru wafanye tendo moja, wasimame, watazame.

Hatua ya pili ni FAST, yaani ekografi ya haraka ya kutafuta damu au maji yaliyovuja ndani ya mwili wa majeruhi, ila hapa kwa mtu mzima mwenye afya aliyekubali, aliyekunywa nusu lita ya maji saa moja kabla ili kibofu kijae. Kwa kuwa hana maji yaliyovuja tumboni, alama hutolewa kwa viungo vinavyotakiwa kuonekana kwenye picha. Upande wa kulia, ini na figo viwe katika picha moja na ncha ya chini ya ini ionekane. Hapo ndipo maji machache hujificha na ndipo wanaoharakisha hupita. Upande wa kushoto figo iko juu zaidi na nyuma zaidi: vifundo vya mkono ulioshika sonda viguse kitanda. Malizia na nyonga, palipo na kibofu, na moyo. Saa ya kushindania isitumike mpaka kila timu ipate picha zote nne bila haraka. Mkiona kitu cha kutilia shaka, mchezo usimame, na daktari azungumze na mtu huyo faraghani.

Jeli ya kupaka chini ya sonda ikiisha, pika kijiko kimoja cha maizena kwa vijiko kumi vya maji, kiache kipoe. Kibadala hiki ni kwa bakuli na ngozi isiyo na kidonda tu. Hakina dawa ya kuzuia kuoza, hivyo kimwagwe siku hiyohiyo. Sonda ifutwe kabla hakijakauka, kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini. Spiriti inaweza kuharibu uso wake, kwa hiyo soma kwanza maelekezo ya mtengenezaji. Bakuli lenyewe likikwaruzika, toa vitu, yeyusha, gandisha upya; likitoa harufu au ukungu, tupa.