Ninavyofuatilia asili ya jina la Wales

Anza na swali hili: nani alilitoa jina, wenyewe au majirani? Daftarini mimi huchora safu mbili. Ya majirani naandika Wales: Waanglo-Saksoni, mababu wa Waingereza, waliwaita watu wa Wales wealas, yaani wageni, tena ndani ya nchi yao wenyewe! Huniuma kila nikilisoma. Ya wenyewe naandika Cymru, kutoka kombrogi, neno la Kibritoni, lugha ya kale iliyozaa Kiwelisi: watu wa nchi moja.

Kisha tafuta ndugu wa neno. Wallonia ya Ubelgiji, Wallachia ya Romania, hata Włochy, jina la Kipolandi la Italia, yote ni ya shina hilohilo la wealas, la Kigermaniki, familia ya lugha yenye Kiingereza na Kijerumani.

Sauti pekee usiiamini. Wall ya Cornwall, eneo la kusini-magharibi mwa Uingereza, si wall ya Kiingereza yenye maana ya ukuta. Tazama tahajia ya zamani, Cornwalas, ndipo wale “wageni” wanapojitokeza tena.