Kitufe cha dashibodi kwenye usukani wa pikipiki
Kunyoosha mkono kubonyeza kitufe cha dashibodi ukiwa mwendoni ni hatari, kwa hiyo weka kitufe cha pili karibu na kidole gumba. Chukua swichi ya kubonyeza inayorudi yenyewe ukiiachia; ile ya kuwasha na kuzima haifai hapa. Chomoa waya wa hasi wa betri, kisha unga nyaya mbili za swichi hiyo mpya kwenye miguu ile ile ya kitufe cha zamani cha dashibodi, ili vyote viwili vifanye kazi. Usiipelekee swichi hiyo volti 12 za betri kamwe! Kitufe cha dashibodi kwa kawaida hubeba umeme mdogo tu, na unaweza kuunguza dashibodi nzima. Shingoni mwa pikipiki, pale usukani unapozungukia, acha nyaya zilegee, halafu zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho uone kama zinavutika.