Gari la familia lililotumika: ulizia bima kabla ya bei

Vijana wengi hununua gari kwa mtindo uleule: wanaona tangazo, wanapenda rangi, wanavutana bei, wanalipa, halafu ndipo wanakumbuka bima. Kampuni inawatajia kiasi ambacho hawakukipanga, na kwa kuwa mfuko umeshakauka, wanachukua bima ndogo kuliko zote na kumwomba Mungu aepushe shari. Naandika haya nikitaka ugeuze mtindo huo. Kama leseni yako bado changa na gari unalotafuta litabeba wazazi, wadogo zako au mtoto wako mwenyewe, bima ndiyo swali la kwanza, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuonyesha ni gari gani unalimudu kweli.

Kampuni ya bima haijui kama wewe ni mwangalifu au mzembe. Inajua kundi lako tu. Shirika la Afya Duniani limeeleza mara kadhaa kwamba majeraha ya ajali za barabarani ndiyo yanayoongoza kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, na miezi ya mwanzo baada ya kupata leseni huwa na hatari kubwa kwa dereva yeyote. Ndiyo maana kijana wa miaka 20 anaweza kutozwa zaidi ya mzazi wake kwa gari lilelile. Umri huwezi kuubadili, lakini mengine yanayopandisha ada yamo mikononi mwako: ukubwa wa injini, thamani ya gari, upatikanaji wa spea, kama modeli hiyo inapendwa na wezi, mahali litakapolala usiku na kazi litakayofanya. Chagua modeli tatu au nne, kisha uombe makadirio ya kila moja kwa umri wako halisi na tarehe halisi ya leseni yako, kwenye kampuni zaidi ya moja. Magari mawili yanayouzwa bei moja yanaweza kupishana sana kwenye bima, na orodha yako inaweza kupungua kabla hujaenda kuona hata gari moja.

Ukishapata makadirio, jumlisha kila kitu: bei ya gari, bima ya mwaka mzima, gharama ya kuhamisha umiliki, matengenezo ya mwanzo, tairi. Kama jumla hiyo inakuacha bila akiba yoyote, gari hilo limekuzidi. Shuka daraja moja. Gari la kawaida lenye tairi nzuri na bima ya kueleweka litakufaa kuliko la kifahari linalokimbia kwa tairi za vipara.

Baada ya hapo fikiria watakaopanda. Hesabu mikanda, usihesabu viti: kila anayekaa awe na mkanda wake, na ikiwezekana uwe wa kupita begani na kiunoni. Magari mengi ya zamani yana mkanda wa kiunoni pekee kwenye kiti cha katikati nyuma, na hapo ndipo mtoto mdogo huwekwa. Kama kuna mtoto wa kiti maalumu, ingiza vidole kati ya mgongo wa kiti cha nyuma na sehemu yake ya kukalia utafute vyuma vya ISOFIX, vya kufungia kiti cha mtoto, kisha ujaribu kiti chenyewe cha mtoto palepale kabla ya kukubaliana lolote. Kiti kinachotazama nyuma huchukua nafasi kubwa, na unaweza kukuta anayekaa mbele yake amebanwa magoti kwenye dashibodi.

Kifaa ambacho nisingekubali kukikosa kwa dereva mchanga ni mfumo wa kudhibiti uthabiti wa gari, unaojulikana kwa herufi ESC. Gari linapoanza kuteleza kwenye kona, mfumo huu hukamata breki ya gurudumu moja moja na kulirudisha kwenye mstari kabla dereva hajajua la kufanya. Marekani uliwekwa kuwa lazima kwa magari mapya madogo kuanzia modeli za mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya mwishoni mwa mwaka 2014. Magari ya kabla ya hapo mengine yanao na mengine hayana, hata ya modeli moja, kwa hiyo hakikisha kwenye gari lenyewe. Ukisoma nyota za usalama za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, angalia na mwaka wa jaribio, kwa kuwa masharti yamekuwa yakikazwa: nyota tano za miaka mingi iliyopita hazilingani na nyota tano za sasa. Kuhusu ukubwa, ushauri wa IIHS, taasisi ya Marekani inayogharamiwa na kampuni za bima, ni kwamba vijana waepuke magari madogo mno na vilevile yenye nguvu nyingi za injini. Nakubaliana nao. Gari la wastani lenye injini ya wastani linalinda abiria na halimshawishi dereva.

Sasa nenda ukalione, na uende na fundi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama ina joto, injini imeshapashwa, na huenda kuna jambo ambalo hujitokeza asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha oili utazame ndani yake. Ute mzito wa rangi ya maziwa unaweza kumaanisha maji yanaingia kwenye oili, na mara nyingi chanzo ni gasketi ya silinda hedi. Kisha washa, umwache fundi nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu ni gari linalokula oili. Moshi mweusi ni mafuta mengi yasiyoungua vizuri. Mvuke mweupe kidogo wakati wa baridi ni wa kawaida, lakini moshi mweupe mzito usiokoma huashiria maji yanaingia kwenye chumba cha kuchomea mafuta.

Dashibodi nayo ina la kusema. Zungusha swichi bila kuwasha injini, uangalie taa za tahadhari. Ya mifuko ya hewa, ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokamata breki) na ya injini zote zinapaswa kuwaka. Ukiwasha injini, zizime baada ya muda mfupi. Taa inayobaki ikiwaka ni tatizo. Taa ambayo haikuwaka kabisa inanitia shaka zaidi, kwa sababu kuna wauzaji huichomoa au kuifunika ili kasoro isionekane. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari atakuambia pia kama makosa yamefutwa karibuni: vipimo vya ndani ya mfumo vitakuwa bado havijakamilika.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Ukikuta mstari wa tope au ukungu kwenye sehemu ambayo kwa kawaida hubaki imejikunja, gari limewahi kuingia maji. Inua zulia, nusa, angalia kutu kwenye reli za viti. Gari lililozama linaweza kupigwa sopusopu likang'aa, kisha nyaya zikaanza kuoza miezi baadaye, na familia yako ikalala njiani.

Tairi zina tarehe zake ubavuni. Baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Nchi nyingi zinataka kina cha kashata kisipungue milimita 1.6, na watengenezaji wengi wanashauri tairi isivuke miaka 10 hata kama inaonekana nzima. Tairi iliyolika upande mmoja inaashiria alaimenti mbovu au chasisi iliyopinda kwa ajali. Linganisha nafasi kati ya milango na bodi, kushoto na kulia, na usome alama ndogo kwenye vioo: kioo chenye tarehe tofauti na vingine kimebadilishwa, na una haki ya kuuliza kwa nini.

Endesha mwenyewe, kwa mwendo wa polepole na wa kasi inayoruhusiwa, redio ikiwa imezimwa. Kata usukani mpaka mwisho ukizunguka taratibu. Mlio wa kugonga tak-tak-tak kutoka kwenye magurudumu ya mbele ni jointi za ekseli zilizochoka. Kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na gari nyuma yako, kamata breki kwa nguvu uone kama gari linavuta upande. Gia otomatiki isishtuke inapotoka P kwenda D. Uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, kwani kwenye injini nyingi ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini inakwisha. Jibu la "bado mzima huo" bila karatasi lihesabu kuwa haujabadilishwa, na gharama yake uiondoe kwenye bei.

Kilometa zilizoandikwa usizichukue kama zilivyo. Linganisha na usukani, pedali, kiti cha dereva na rekodi za sevisi. Gari lenye kilometa 60,000 lisiwe na pedali ya breki iliyolika mpaka chuma kinaonekana. Namba ya chasisi iliyo kwenye hati ilingane na iliyogongwa kwenye bodi na iliyo chini ya kioo cha mbele, kama ipo. Kwa kawaida, tangu mwaka 1981, namba hiyo ina herufi na tarakimu 17, bila herufi I, O wala Q. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, kwa hiyo usishtuke. Hakikisha pia kwa mamlaka ya usajili kwamba gari halidaiwi mkopo, halijaibwa na halijawahi kuandikwa kuwa limeharibika kabisa. Muuzaji anayekataa mojawapo ya haya, muage kwa adabu uondoke. Hutaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwenye bima yenyewe, elewa kwanza unachonunua. Bima ndogo ya mtu wa tatu hulipa madhara uliyowasababishia wengine. Gari lako utalitengeneza mwenyewe. Katikati kuna ile inayoongeza moto na wizi. Bima kubwa inagusa na gari lako. Kwa gari la thamani ndogo sana bima kubwa huenda isilipe, lakini jiulize hivi: gari likiharibika kesho, ninaweza kununua lingine bila kukopa? Kama huwezi na familia inalitegemea, chukua kubwa. Uliza waziwazi kama abiria wako, hasa ndugu wa nyumba moja, wamo kwenye bima unayochukua, maana mikataba haifanani.

Ekses ni kiasi unachobeba wewe mwenyewe kwenye kila dai, na madereva vijana mara nyingi huongezewa ya kwao juu ya ile ya kawaida. Kukubali ekses kubwa hushusha ada, lakini usitaje kiasi ambacho hungeweza kukitoa wiki hii. Thamani ya gari nayo itaje ilivyo. Mkataba ukiwa na sharti la uwiano, yaani kulipwa kulingana na sehemu ya thamani uliyoikatia bima, gari la thamani ya milioni 10 lililokatiwa bima kana kwamba ni la milioni 6 likipata hasara ya milioni 2, unaweza kulipwa milioni 1.2 tu, kabla hata ya kukatwa ekses.

Kuna hila moja nakusihi uikatae hata kama nyumbani wanaona ni msaada: kuandika kwamba dereva mkuu ni baba au mama wakati gari ni lako na wewe ndiye unayeliendesha kila siku. Ada itashuka, kweli. Lakini huo ni udanganyifu, na siku ya ajali kampuni ina sababu ya kukataa dai, nawe unabaki na deni la hospitali la mtu uliyemgonga. Njia halali zipo. Mweke mzazi kama dereva wa ziada, kwani baadhi ya kampuni hupunguza ada kwa hilo. Uliza kama wanakubali kifaa kinachopima uendeshaji wako, ambacho humtofautisha kijana anayekwenda taratibu na kundi lake. Na ukate bima kwa jina lako mapema, kwa sababu punguzo la kutodai hujengeka mwaka hadi mwaka kwa mwenye bima.

Taja na mengine yote: rimu au tinti ulizoongeza, ajali na faini za nyuma, na kama utabeba abiria au mizigo kwa malipo. Bima ya matumizi binafsi kwa kawaida haigusi biashara.

Usiondoke na gari ukitegemea bima ya muuzaji; kwa kawaida haimfuati mnunuzi. Panga bima ianze saa utakayokabidhiwa funguo, weka nakala kwenye simu, na hifadhi namba ya kuripoti ajali. Muulize wakala muda wa mwisho wa kutoa taarifa, maana kuchelewa kunaweza kuharibu dai. Kisha, kabla ya safari ya kwanza na familia, badilisha oili na filta, badilisha na mafuta ya breki kama hakuna rekodi yake, jaza upepo kwenye tairi ya akiba, na ujaribu kama jeki na spana ya nati za magurudumu vinafanya kazi kwenye gari hilo.