SOMO: Kufua kisu kwa nyundo na makaa, na pale wengi tunapokiharibu

Wakuu, mimi sina fundi aliyenifundisha, nimejifunza kwa kuunguza vidole na kuharibu vyuma.

Chuma kwanza. Nondo ya kawaida achana nayo, kaboni yake ndogo, utaipiga siku nzima itoke na umbo zuri kabisa halafu haikati hata nyanya. Tafuta springi ya gari ile ya bapa au tupa iliyochakaa. Chochote chenye zinki (mabati, mabomba yale) usitie motoni, moshi wake sumu.

Tanuri langu ni rimu ya gari nimeikandika udongo, chini linaingia bomba la blowa ya mkono. Fuawe ni kipande cha chuma kizito kimekaa kwenye gogo, basi.

Pasha mpaka rangi ya chungwa ndo upige, kikifika wekundu wa kufifia rudisha motoni, ukilazimisha kinapasuka. Kikianza kurusha cheche kama fataki hapo kimeungua, kata hicho kipande. Anza na ncha, ufuate msuka (mkia unaoingia kwenye mpini), makali mwisho. Sasa ukipiga makali yanarefuka na kisu kinajipinda kuelekea mgongoni, kwahiyo kabla hujaanza kikunje kidogo upande wa makali, kitajinyoosha chenyewe. Bakiza milimita 1 au 2 kwenye makali, usiyamalize.

Ukishamaliza umbo kipashe wekundu mara 3, kila mara kiache kipoe chenyewe hewani.

Halafu kuzamisha, yaani kukipoza ghafla kikiwa chekundu ili kiwe kigumu, hapa ndo wengi tunalia. Kisu changu cha kwanza nilikitia kwenye maji, nikasikia "tik", kasauti kadogo kama glasi, kukitoa kina ufa toka makali mpaka katikati. Tumia mafuta ya kupikia, yapashe nyuzi 50 hadi 60, ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko maana moto unaruka. Kipashe kisu tena motoni ukikigusisha sumaku, ikiacha kushika (karibu nyuzi 770) ongeza moto kidogo tu, kizamishe wima ncha ikitangulia, usikipeleke ubavuubavu. Kikipoa pitisha tupa, ikiteleza umefaulu.

Saa hiyo kisu ni kigumu ila kikianguka kinavunjika. Kiweke kwenye oveni nyuzi 200, masaa 2, mara 2. Kisha msasa, mpini, gundi ya epoksi, noa.

MASWALI

– Mkuu, oili chafu ya gari haifai?
Inafanya kazi ila moshi wake utaukohoa wiki nzima. Mafuta ya kupikia hayana shida hiyo.

– Sina oveni kaka, nafanyaje?
Sugua bapa ling'ae, pasha chuma kingine kinene kiwe chekundu, laza mgongo wa kisu juu yake. Utaona rangi zinatembea kuelekea makali, yakigeuka rangi ya majani makavu chovya maji haraka.

– Changu kimetoka kwenye mafuta kimepinda!
Usikigonge nyundo utapata vipande viwili. Una sekunde chache kikiwa bado moto, kinyooshe na glovu nzito. Ukichelewa kibane kwenye chuma kilichonyooka ukiingize oveni hivyohivyo.

– Naruhusiwa grinda mwishoni?
Ruksa, ila shika bila glovu, kikianza kuunguza vidole chovya maji. Makali yakigeuka bluu ugumu umeondoka, unarudi kuzamisha upya.